Mpweke si lazima awe mgonjwa: somo kutoka kwa Dostoevsky na vijana wa Nepal

Mwaka 2024 kijitabu cha Kirusi kilichoandikwa mwaka 1848 kiliingia kwenye orodha ya vitabu vya tafsiri vilivyouzwa sana Uingereza. Ni White Nights cha Fyodor Dostoevsky, na waliokipandisha si wahadhiri wa fasihi, ni vijana wa TikTok. Wanakipiga picha pembeni ya kikombe cha kahawa, wanapigia mstari sentensi moja ya huzuni, kisha wanaandika: huyu ni mimi, hii ndiyo depresheni yangu. Franz Kafka naye amepata mashabiki wa namna hiyo, na Osamu Dazai wa Japani pia.

Kijana kusoma Dostoevsky ni jambo la heri. Ninalotaka kuligusa ni lile neno la mwisho. Mhusika wa White Nights hana depresheni. Upweke anao, tena wa kutosha kijiji kizima, ila ugonjwa hana. Na anayeshindwa kuvitenganisha viwili hivi kwenye kitabu atashindwa pia kuvitenganisha kwa mdogo wake, kwa mwanafunzi wake, au kwa vijana wa nchi kama Nepal, ambao kila wakitajwa maneno haya mawili hufuatana. Nimeichagua Nepal kwa sababu upweke wa huko una chanzo kinachoonekana kwa macho, na kwa sababu wapo watafiti waliokaa vijijini mwake wakisikiliza jinsi watu wanavyoyaeleza maumivu yao kwa maneno yao wenyewe.

Kwanza maana. Upweke ni hisia ya kupungukiwa: mahusiano uliyo nayo ni machache au mepesi kuliko unayoyahitaji. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi peke yake miaka mingi bila upweke wowote, na mwingine akalala chumba kimoja na wenzake wanane akakosa usingizi kwa upweke. Haumo kwenye orodha ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anauhisi, na kwamba vijana wanaupata zaidi ya wazee, kinyume na tulivyozoea kudhani.

Sonona, ambayo mtaani wengi wetu tunaiita depresheni na wengine huiita mfadhaiko, ni ugonjwa. Daktari hamwandikii mtu sonona kwa sababu tu amekuja na huzuni. Anatafuta mambo kadhaa yaliyokuja kwa pamoja na kudumu si chini ya wiki mbili, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Moyo kuwa mzito au kukosa raha na vitu ulivyovipenda ndiyo mlango. Nyuma yake huja usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, uchovu usio na kazi, akili isiyotulia, kujiona huna thamani, kuiona kesho haina maana, wakati mwingine kufikiria kifo. Tena kuna jambo ambalo watu hulipita haraka: haya yote yanatakiwa yawe yameanza kuharibu maisha ya kila siku. Mtu ameacha kuoga, ameacha kupika, haendi darasani.

Chukua njaa na vidonda vya tumbo. Njaa inauma kwelikweli, lakini tumbo lenye njaa ni zima. Linadai haki yake tu, na ukila maumivu yanaisha. Vidonda ni tumbo lenyewe limeumia. Hata ukiwekewa sinia la pilau mbele yako, unaliangalia tu. Upweke ni njaa ya watu. Sonona ni kidonda. Kisha viwili hivi hulishana: anayeshinda njaa kila siku anakichokoza kidonda, na mwenye kidonda huogopa kula. Upweke wa muda mrefu huongeza uwezekano wa kupata sonona, na sonona humfanya mtu ajitenge, asipokee simu, marafiki wachoke, upweke ukue. Kwa kuwa mara nyingi wanatembea pamoja, watu wamewadhania mapacha.

Turudi kwa Dostoevsky, Petersburg, Urusi. Msimulizi wa White Nights ana miaka 26 na hatajwi jina. Ameishi mjini humo miaka minane bila kumfahamu mtu. Amefanya urafiki na nyumba: akipita asubuhi anaona kama zinamsalimia, na moja iliyokuwa na rangi nzuri ya waridi ilipopakwa njano alisikitika kama amefiwa. Usiku mmoja anamkuta msichana analia kando ya mfereji. Ni Nastenka, analelewa na bibi yake kipofu ambaye, ili mjukuu asitoroke, ameunganisha gauni lake na la msichana kwa pini. Pini! Wanakaa siku nzima hivyo, mmoja akisogea mwingine anavutwa. Kwa usiku nne hawa wawili wanaongea bila kuchoka, mwishowe Nastenka anaondoka na mwanamume ambaye yeye Nastenka alikuwa akimngoja, na kijana wetu anabaki na kumbukumbu, anamshukuru.

Mpime sasa. Anatembea mji mzima. Rangi ya nyumba inamgusa. Anasikiliza, anapenda, anasubiri jioni kwa hamu. Raha haijamtoka hata kidogo, imekosa pa kwenda. Akipatikana mtu mmoja wa kuzungumza naye, anachanua. Hiyo ni njaa.

Mlinganishe na Yozo wa No Longer Human, riwaya ya Dazai iliyotoka mwaka 1948. Yozo ana familia kubwa yenye mali, ana wanafunzi wenzake, baadaye ana wanawake wanaompenda na marafiki wa ulevi. Tangu utotoni kazi yake ni kuchekesha watu ili wasiuone utupu ulio ndani yake, na nyumba nzima inacheka. Siku moja kwenye mazoezi ya viungo shuleni anajiangusha makusudi, darasa linaangua kicheko. Mvulana mmoja dhaifu asiyehesabiwa na yeyote, Takeichi, anamgusa mgongoni na kumnong'oneza kuwa amefanya makusudi. Yozo anaingiwa na hofu kubwa, kwa sababu amegundulika. Watu wamemzunguka na sinia liko mbele yake, wala hawezi kumeza.

Ningekuwa na uwezo ningempa kila mwalimu wa sekondari ukurasa huo mmoja. Imani ya kwamba mwenye sonona lazima aonekane amenyong'onyea, ananuna, analia pembeni, imewaacha wachekeshaji wengi wa darasani bila msaada.

Nepal nayo ina vitabu vyake, wala havikuazimwa Urusi. Kinachojulikana kuliko vyote ni Muna Madan, utenzi wa Laxmi Prasad Devkota wa mwaka 1936 ulioandikwa kwa mahadhi ya nyimbo za kijijini. Madan anataka kwenda Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kutafuta mali. Mkewe Muna anamsihi abaki: mifuko ya dhahabu ni kama uchafu wa mikononi, afadhali kula mboga na majani ya kiwavi, mmea unaowasha, kwa moyo wenye furaha. Madan anakwenda. Lhasa inamlevya, anakaa kuliko alivyoahidi, na njiani kurudi anaugua, wenzake wanamwacha. Mtibeti mmoja, ambaye kwa desturi za tabaka za wakati ule Madan asingeruhusiwa hata kula naye, anambeba na kumuuguza hadi anapona. Anaporudi nyumbani, Muna amekwisha kufa, na mama naye anampoteza.

Utenzi una karibu miaka 90 na bado unasomwa, kwa sababu Lhasa imebadilika jina tu. Leo inaitwa Doha, Dubai, Riyadh, Kuala Lumpur. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu milioni 29.16 nchini Nepal, na wengine wapatao milioni 2.2 waliokuwa nje ya nchi. Katika mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilitoa vibali vya kazi za nje zaidi ya 700,000, vipya na vya kurudia, na mwaka huohuo wanafunzi zaidi ya 100,000 walichukua barua za ruhusa ya kwenda kusoma ng'ambo. Fedha zinazotumwa nyumbani ni karibu robo ya pato la taifa. Wakenya na Waganda waliofanya kazi za ulinzi na ujenzi Qatar wanawajua vizuri majirani zao hawa wa kambini. Wasichokiona ni upande wa pili: kijiji cha mlimani ambako waliobaki ni bibi, mkwe na watoto.

Upweke wa hapo hauhitaji darubini. Wakati wa Dashain, sikukuu kubwa ya Wahindu wa Nepal inayoangukia Septemba au Oktoba, mkubwa wa familia huchanganya mchele, mtindi na rangi nyekundu, akawabandika wadogo kwenye paji la uso, akawachomeka masikioni au kichwani machipukizi ya shayiri yaliyooteshwa gizani hadi yakawa ya manjano, huku akiwatamkia baraka. Baraka hizi huhitaji paji la uso lililo karibu. Siku hizi katika familia nyingi lipo kwenye kioo cha simu. Bibi ananyoosha kidole chenye mchele kuelekea kioo, anatamka maneno yaleyale, na kijana aliyeko Doha anainamisha kichwa mbele ya kamera.

Shikilia picha hiyo unapokumbuka yaliyotokea Septemba 2025. Tarehe 4 serikali iliamuru mitandao 26 ifungwe kwa kutosajiliwa, ikiwemo Facebook, YouTube na WhatsApp. Tarehe 8 vijana waliingia barabarani, watu 19 wakauawa siku hiyo, na kesho yake Waziri Mkuu K. P. Sharma Oli akajiuzulu. Dunia iliyaeleza kama mapambano dhidi ya rushwa na kuzibwa midomo, na ndivyo yalivyokuwa. Lakini kwa nyumba yenye mtoto Ghuba, WhatsApp ndiyo sebule. Kuifunga ni kuwafungia watu milango ya nyumba yao.

Kwa hiyo ile kauli kwamba simu ndiyo imewaletea vijana upweke, mimi siipokei nzima. Simu hiyohiyo iliwaonyesha vijana wa Kathmandu maisha ya anasa ya watoto wa wanasiasa, wakajilinganisha na kuumia. Na hiyohiyo ndiyo inayomleta mwana mbele ya mama yake. Uliza inatumika kufanya nini kabla ya kuinyang'anya.

Sasa sehemu ngumu. Mwaka 1939 Devkota mwenyewe alipelekwa na familia yake hospitali ya magonjwa ya akili huko Ranchi, India. Baadaye aliandika shairi liitwalo Pagal, yaani kichaa, ambamo mtu anamjibu rafiki yake: ni kweli, mimi ni kichaa, ndivyo nilivyo. Kisha anaeleza anavyoona sauti, anavyosikia vinavyoonekana, na mwishoni msomaji hana hakika tena nani kati ya wawili hao ndiye mwenye akili timamu. Ni shairi la hasira. Ni jibu kwa watu waliombandika jina.

Uzito wa jina hilo ndio ambao Brandon Kohrt na Ian Harper waliuchambua katika utafiti wao wa mwaka 2008. Wanepali wengi hugawa yaliyo ndani ya mtu mara mbili. Upo man, moyo unaohisi, unaokumbuka, unaotamani. Na upo dimag, akili inayofikiri, kuamua na kumfanya mtu ajiheshimu mbele za watu. Man kuumia ni kawaida ya binadamu, kila mtu anaumia. Dimag ikiharibika mtu ameitwa pagal, na heshima ya familia nzima, wanayoiita ijjat, imeanguka pamoja naye. Kwa Waswahili hili halihitaji mkalimani. Moyo mzito hatuuonei aibu, kichaa tunamficha.

Matokeo yake ni kwamba kijana akiambiwa "una ugonjwa wa akili" anasikia dimag, anasimama, anaondoka. Akiulizwa moyo wake ukoje, anakaa na kusimulia. Wengine hawaanzi hata na moyo, wanaanza na mwili. Wanalalamikia jhum-jhum, ganzi na mchonyoto wa mikono na miguu. Kohrt na wenzake walipoichunguza wilayani Jumla, kaskazini-magharibi mwa nchi, walikuta uhusiano mkubwa kati ya ganzi hiyo na sonona. Mhudumu asiyelijua hili atatoa vitamini na kuita mgonjwa anayefuata. Msomaji anayesema sonona ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu angefaa akae siku moja kwenye benchi la zahanati ya Jumla.

Je, ni kweli basi kwamba kizazi kizima cha Nepal kina sonona? Hapana. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2020 na Baraza la Utafiti wa Afya la Nepal uliwakuta asilimia 5.2 ya wenye umri wa miaka 13 hadi 17 wakiwa na tatizo la afya ya akili la aina yoyote. Wengi wenye upweke hawana ugonjwa. Lakini anayetumia takwimu hiyo kusema mambo ni shwari naye ajue kwamba polisi wa nchi hiyo huandikisha vifo karibu 7,000 kila mwaka vya watu waliojitoa uhai, kwamba hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili pekee ni moja, iliyoko Lagankhel huko Patan, na kwamba madaktari bingwa wa akili ni takribani 200 kwa nchi nzima, wengi wao mijini.

Si kila giza la ndani, hata hivyo, linaingia katika moja ya makapu haya mawili. Riwaya ya Shirishko Phool ya mwaka 1965, ya mwandishi mwanamke aliyejiita Parijat, inamhusu Suyog, mwanajeshi mstaafu aliyepigana Burma, ambaye siku zake anazizamisha kwenye baa. Wapo wanaomsoma kama mgonjwa wa sonona. Mimi ninamwona mtu anayesutwa na aliyowatendea wanawake kule vitani, na dhamiri inayosuta haina kidonge. Fasihi nzuri ina haki ya kutompa mhusika wake cheti cha daktari.

Wazazi huuliza: vitabu hivi si ndivyo vinavyowaharibu watoto? Swali ni la zamani. Mwandishi wa Ujerumani Goethe alipochapisha mwaka 1774 kisa cha kijana Werther, anayejitoa uhai kwa sababu ya mapenzi, vijana wa Ulaya walivaa koti la bluu na kizibao cha njano kama yeye, na mji wa Leipzig ukakipiga marufuku mwaka 1775 kwa hofu kwamba wangemwiga hadi kifo. Jina la Werther lilirudi mwaka 1974, pale mtafiti David Phillips alipolitumia kueleza jinsi vifo vya aina hiyo vinavyoongezeka baada ya magazeti kuvitangaza kwa vishindo. Angalia alichokipima: ni habari za magazeti. Baadaye, mwaka 2010, watafiti wa Austria walionyesha upande wa pili, kwamba habari za watu waliofika ukingoni wakapata njia ya kuendelea kuishi zinaweza kuwalinda wasomaji. Ukimkuta mwanao na Dazai, usimnyang'anye. Muulize amejiona wapi humo ndani, halafu unyamaze usikilize.

Na hapo ndipo tofauti inapopata kazi. Hadithi inakuuliza unahisi nini. Daktari anauliza pia, lakini anaongeza: tangu lini, na umeacha kufanya nini? Kijana wa Nepal aliyefeli SEE, mtihani wa taifa wa darasa la kumi, ambao mwaka 2024 waliofaulu hawakufika nusu, akalia siku nne kisha akarudi uwanjani kucheza mpira, anahitaji wenzake na mzazi asiyemsimanga. Aliyefaulu, akapongezwa, lakini ana wiki tatu haamki kitandani na chakula anakisogeza pembeni, huyo wa pili ndiye wa kupelekwa zahanati, ingawa majirani watamhurumia wa kwanza.

Wa kwanza hatibiwi kwa vidonge. Wa pili hatibiwi kwa kuambiwa ajichanganye na watu, wala kwa kuozeshwa. Sonona ya wastani hutulia kwa mazungumzo ya kitaalamu. Iliyo kali huhitaji na dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi na hazipaswi kukatishwa ghafla bila daktari. Si dawa za kulevya, ingawa uvumi huo haufi. Mazungumzo hayo nayo hayahitaji bingwa kila mara. Mashariki mwa Nepal, katika jamii zilizokumbwa na maafa, vikao vitano vya kikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa vilipunguza dhiki ya washiriki, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021.

Ninachokipenda zaidi kilifanyika wilayani Chitwan, na kinahusu hadithi. Nepal ina akina mama wa kujitolea wa afya zaidi ya 50,000, wanaojua nani katika kijiji amejifungua na nani hajaonekana kisimani. Watafiti waliwapa visa vifupi vyenye michoro, vilivyoandikwa kwa maneno ya kijijini, vya mtu aliyepoteza raha, aliyeacha kazi za shamba na nyumba, anayejitenga na watu. Mama hakuombwa kupima ugonjwa. Aliombwa ajiulize kama kuna jirani anayefanana na huyu wa kwenye kisa na kama maisha ya jirani huyo yameharibika, na akimpata amshauri aende kituo cha afya. Matokeo yalitoka mwaka 2015: kati ya watu waliotambuliwa hivyo, karibu theluthi mbili walithibitishwa na wataalamu kuwa kweli wanahitaji matibabu. Theluthi iliyobaki wataalamu waliichuja, haikubandikwa jina.